Kununua Nyumba ya Kupangisha katika Mitaa Yenye Jina Baya Mombasa

Mtajie mtu Kisauni, atakuuliza habari za vijana wa mapanga. Mtajie Likoni, atakuuliza feri na fujo. Ukifika Bangladesh ya Jomvu au Moroto ya Tudor, atakuombea dua kabisa. Jina hilo baya lina bei yake, na mnunuzi mwenye subira anaweza kufaidika nalo, kwa sababu linashusha bei ya nyumba kuliko linavyoshusha kodi. Chumba cha Mtopanga kinaweza kukosa mnunuzi mwaka mzima, lakini hakikosi mpangaji mwezi mzima. Mhudumu wa hoteli za Bamburi, kibarua wa bandarini na muuza samaki wa Kongowea wanataka kulala karibu na kazi, na nauli ya matatu ikipanda ndivyo wanavyozidi kutaka.

Wengi wanaopoteza pesa katika mitaa hii hawakuporwa na kijana yeyote. Wamepotezea kwenye karatasi za ardhi, kwenye maji na kwenye choo. Mtaa wenye jina baya hununuliwa. Ardhi yenye mgogoro usiinunue hata ukipewa kwa nusu bei. Maelezo yafuatayo yanahusu mitaa kama Mtopanga, Mlaleo, Mshomoroni na Ziwa la Ng'ombe upande wa kaskazini. Mtongwe, Timbwani na Shika Adabu upande wa kusini. Na Chaani, Mikindani, Jomvu na Miritini upande wa magharibi.

Jua kwanza unauziwa nini

Mombasa mtu anaweza kukuuzia nyumba, akakupa mkataba wenye muhuri wa wakili, ukahamia, na bado ukawa hukununua hata futi moja ya ardhi. Huo ndio mtindo wa nyumba bila ardhi, na wanunuzi wanaotoka bara huangukia hapo kuliko mahali pengine popote. Ardhi ina mwenyewe. Nyumba ina mwenyewe mwingine. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi kwa mwezi au kwa mwaka. Nyumba nyingi za Majengo kisiwani zilianza hivyo, na bara ya kaskazini na ya kusini kuna mashamba mazima yenye mamia ya nyumba za namna hii.

Unachonunua hapo ni kuta, paa, milango na ruhusa ya kukaa. Benki haiikubali kama rehani. Mambo matatu ndiyo huharibika mara kwa mara. La kwanza, mwenye ardhi anafariki na warithi wanauza shamba lote kwa mjenzi wa maghorofa. Unapewa notisi, na unachoruhusiwa kuondoka nacho ni mabati na milango yako. La pili, unabomoa ukuta wa udongo ujenge wa mawe, na mwenye ardhi anakuzuia kazi ikiwa nusu, kwa kuwa ukuta wa mawe anauona kama dai la kubaki milele. La tatu, unalipa kodi ya ardhi kwa ndugu asiye msimamizi halali wa mirathi, kisha msimamizi wa kweli anakuja na daftari lake na wewe unaonekana mdaiwa wa miaka sita.

Ukiamua kununua nyumba bila ardhi hata hivyo, usitoe shilingi kabla hujakutana na mwenye ardhi mwenyewe au msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Omba stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka mitatu iliyopita. Mkataba utiwe saini na watu watatu: muuzaji, wewe, na mwenye ardhi. Ndani yake yaandikwe mambo manne: kiasi cha kodi ya ardhi na lini kinaweza kupandishwa, ruhusa ya kukarabati na kwa vifaa gani, muda wa notisi, na haki yako ya kuulizwa kwanza ardhi ikitaka kuuzwa. Mwenye ardhi kwa kawaida ataomba fungu lake la mauzo. Kiasi kijulikane mapema na muuzaji ndiye alipe. Kuhusu bei, sisi tunatumia kipimo kimoja kisicho na huruma: nyumba bila ardhi irudishe pesa yote ndani ya miaka minne. Ikizidi hapo, iache.

Nyumba ya urithi ina mtego wake. Katika mirathi ya Kiislamu kila mrithi ana fungu, na dada aliyeolewa Lamu au Zanzibar bado ni mwenye mali. Ndugu mmoja akikwambia dada zake hawana neno, waje waseme wenyewe na watie saini. Taka uone hukumu ya Mahakama ya Kadhi au barua za usimamizi, na ulinganishe majina yote na waliosaini mkataba.

Uliza pia kama ardhi ni wakfu. Mombasa ina wakfu nyingi, na mali ya wakfu haiuzwi. Unaweza tu kupanga kwa wasimamizi wake. Vivyo hivyo nyumba za kaunti katika mitaa ya zamani. Mpangaji wa nyumba ya kaunti akikutaka umpe kilemba ili akuachie funguo, huyo anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Kuna pia ardhi zilizogawiwa maskwota na serikali. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930 hivi, ndilo linalojulikana zaidi. Hati zake zilianza kutolewa Januari 2016. Ukiuziwa ploti ya namna hiyo, angalia kwenye rejista kama bado kuna deni la mfuko wa makazi au kizuizi cha kuuza. Na barua ya kugawiwa si hati. Barua moja inaweza kupigwa nakala ikauzwa kwa watu wanne, na wote wanne wakakutana siku ya kuchimba msingi.

Karatasi, hatua kwa hatua

Anza na namba. Hati za Mombasa bara huanza na MN au MS: MN ni bara ya kaskazini, MS bara ya kusini, na tarakimu ya Kirumi inayofuata ni sehemu. Nyali iko MN/I. Ukionyeshwa ploti ya Mtopanga kwa hati inayosoma MS, ondoka bila kubishana. Hati nyingi za zamani zina pia namba ya CR, yaani ya rejista ya Pwani, na bila hiyo utapoteza siku nzima kwenye foleni ya afisi ya ardhi.

Fanya sachi rasmi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, wewe mwenyewe au kupitia wakili wako. Sachi unayoletewa na muuzaji isome kama tangazo la biashara tu. Kisha omba nakala ya rejista nzima, uone hati ilivyopita mkono hadi mkono tangu mwanzo. Kazi hii imekuwa ya lazima tangu 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mnunuzi alikuwa na hati, alinunua kwa pesa yake, lakini kiwanja kilikuwa sehemu ya wazi ya umma huko Nyali na mgao wa kwanza haukufuata sheria. Hati haikumwokoa. Kwa hivyo kuona jina la muuzaji kwenye hati hakutoshi. Uliza yeye alipata kwa nani, na huyo alipata kwa nani, mpaka mgao wa kwanza.

Mlete mpima aliyesajiliwa aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, na uwepo siku hiyo. Mitaa mingi ya Kisauni na Likoni watu walijenga kabla mipaka haijapimwa, kwa hivyo choo cha jirani kuwa ndani ya ploti yako, au ukumbi wako kuwa juu ya ploti ya mwingine, ni jambo la kawaida. Mpima akuambie pia kama kuna njia ya kupitia. Ploti isiyofikika ila kwa kupita uwani kwa watu itakuwa na kesi siku jirani atakapojenga ukuta.

Muulize hasa kuhusu ardhi iliyotengwa. Kwenye barabara ya Mtwapa, upanuzi umewakumba waliojenga karibu sana. Changamwe na Miritini kuna njia ya bomba la mafuta. Sehemu nyingine ziko chini ya nyaya kubwa za umeme. Karibu na uwanja wa ndege wa Moi, Chaani na Port Reitz, urefu wa jengo unahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hivyo ndoto ya ghorofa tano iulizie kwanza. Kando ya mkono wa bahari wa Tudor au wa Port Reitz, mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Ploti iliyojazwa taka juu ya mikoko hutitia, na hati yake nayo hutitia.

Angalia nani anaishi hapo. Andika jina la kila mkaazi, chumba chake, kodi yake na tangu lini. Mtu aliyekaa kwenye ardhi miaka 12 waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kufukuzwa, anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Mzee mwenye kibanda nyuma ya ua, anayeitwa "mlinzi tu", anaweza kuwa ndiye mwenye dai hilo. Pata kauli yake kwa maandishi kabla ya kulipa.

Malipo yenyewe hayana siri nyingi. Kwa kawaida asilimia 10 hulipwa siku ya kutia saini, na iingie akaunti ya wateja ya wakili; mauzo hukamilishwa ndani ya siku 90. Muuzaji alete cheti cha kumaliza ada za kaunti, cha kodi ya ardhi ya serikali kama ni ardhi ya kukodi, na ridhaa ya mke au mume wake. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani anayoikubali mthamini wa serikali. Muuzaji atakuomba mwandike bei ndogo kwenye mkataba ili apunguze kodi yake ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Kataa. Siku utakapouza wewe, faida yako itapigiwa hesabu kutoka kwenye ile bei ndogo, na kodi aliyoikwepa yeye utailipa wewe.

Kuupima mtaa wenyewe

Jina la mtaa ni la mtaa mzima, lakini usalama ni wa kichochoro. Mlaleo kuna njia mbili zinazotazamana, moja watoto wanacheza mpaka usiku na nyingine hakuna mtu anayepita baada ya magharibi. Kwa hivyo nenda mara nne: alfajiri saa kumi na moja, saa nane mchana, saa moja na nusu usiku, na Jumamosi usiku wa manane ukiwa na mwenyeji. Alfajiri mtazame mama wa mahamri. Akianza kukaanga nje peke yake kabla ya adhana, kichochoro hicho kina amani kuliko lolote utakaloambiwa na dalali. Usiku tazama wakala wa M-Pesa: anayefunga saa kumi na mbili unusu ana sababu, na anayehudumia hadi saa tatu naye ana sababu. Tazama madirisha ya maduka. Duka lenye nondo tupu ni la kawaida. Duka ambalo mkate unapitishiwa kwenye tundu la ngumi lilishawahi kuvamiwa.

Zungumza na mzee wa mtaa na wa nyumba kumi, halafu na chifu. Ulizia nyumba yenyewe pia, usiishie kwenye mtaa: nani alikaa hapo, kwa nini alihama, kuna kesi? Waendesha bodaboda wa kituo cha karibu waulize kama wanakubali kuingia humo saa nne usiku na kwa bei gani. Wakitaka nauli mara tatu, wamekujibu.

Likoni ina kipimo cha ziada, umbali wa kutembea hadi feri. Waendao kwa miguu huvuka bure, kwa hivyo chumba kilicho umbali wa kutembea hupangishwa haraka kuliko kizuri zaidi kilicho mbali. Mtongwe na Shika Adabu zimeanza kupandishwa bei na barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na bara ya kusini bila feri. Madalali wanauza barabara hiyo katika kila ploti. Wewe lipia nyumba kwa kodi inayoleta leo.

Kukagua nyumba

Muda mzuri wa kukagua ni Mei, mwezi wa mvua kubwa kuliko yote Mombasa. Mstari wa maji ukutani hauna uongo. Rangi mpya ya mafuta iliyopakwa hadi kiunoni tu, na nyumba nyingine yote ni chokaa, mara nyingi inaficha mstari huo. Majina ya mitaa ya kale hayakutolewa bure pia. Pakiitwa Ziwa la Ng'ombe au Bondeni, uliza maji huenda wapi.

Nyumba nyingi zinazouzwa ni nyumba za Kiswahili: vyumba sita au vinane, ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo. Zipo zilizojengwa kwa mawe ya timbo, na zipo za boriti na udongo zilizopigwa lipu ya simiti zikaonekana za mawe. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole pembeni mwa dirisha na chini ya paa. Jiwe hujibu kwa mlio mkavu. Udongo hujibu kwa mlio mzito, na mara nyingine lipu inatikisika kama ganda. Pandisha tochi darini uangalie vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Vumbi laini kama unga ni mdudu wa mbao. Njia za udongo zinazopanda ni mchwa. Nyumba ya udongo si mbaya, ila inunue kwa bei ya udongo.

Kwenye nyumba za mawe adui ni chumvi. Maji ya kisima ya Kisauni yana chumvi, na fundi asiyejali huyatumia kuchanganya zege, tena na mchanga uliochotwa ufuoni. Chumvi hiyo hula nondo kutoka ndani. Nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege. Utaona mipasuko iliyonyooka chini ya linta na chini ya sakafu ya ghorofa, ikifuata mstari wa chuma, pamoja na madoa ya rangi ya chai. Mpasuko wa lipu ulio kama utando wa buibui ni jambo dogo. Ule ulionyooka ni wa kubomoa na kujenga upya. Mabati nayo huliwa na hewa ya bahari, yakianzia kwenye misumari na mahali mabati mawili yanapolaliana. Ukiezeka upya, geji 28 inashinda geji 30 kwa muda mrefu, na tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kumlipa fundi mara mbili.

Maji, choo na umeme

Hapa ndipo mpangaji anapobaki au anapohama. Maji ya mfereji Mombasa huja kwa zamu, na mitaa mingine hukaa siku nyingi bila tone. Hesabu hivi: vyumba 8, watu 3 kila chumba, lita 40 kwa mtu, ni lita 960 kwa siku. Tangi la lita 5,000 linatosha siku tano. Liweke juu ya jukwaa la mawe urefu wa mita 2 au zaidi ili maji yashuke yenyewe, na valvu yake iwe ndani ya sanduku la kufuli. Kama kuna kisima, fanya njia mbili: maji ya chumvi ya kuogea na choo, maji ya mfereji ya kupikia. Mpangaji anayenunua mitungi miwili tu kwa mwenye mkokoteni badala ya sita atakaa kwako hata chumba kikizidi cha jirani shilingi 300.

Kisima kiwe mbali na shimo la choo mita 30 au zaidi, lakini usiamini umbali huo peke yake. Mwamba wa matumbawe una nyufa, na maji machafu husafiri humo haraka. Peleka sampuli maabara kabla ya kuruhusu mtu kuyanywa. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kipindupindu si hadithi katika mitaa hii.

Sehemu kubwa ya bara haina bomba la maji taka, kwa hivyo choo chako ni shimo au tangi la septiki. Pima gari la kunyonya linafika umbali gani: kama mpira wake haufiki kutoka barabarani, utalipia watu wachimbe kwa ndoo usiku, na majirani watakuchukia. Shimo linalojaa kila baada ya miezi miwili mara nyingi halijajazwa na watu, limejazwa na maji ya chini ya ardhi yanayopanda wakati wa mvua. Kulichimba zaidi ni kuharibu pesa. Jenga tangi lisilovuja, mita chache za ujazo, na ulinyonyeshe kwa ratiba. Choo kimoja kwa vyumba vinne, kila kimoja kikiwa na ufunguo wa vyumba vyake tu, hukaa kisafi. Cha watu wote hakina mwenyewe.

Mita moja ya tokeni kwa nyumba nzima ndiyo mama wa ugomvi, na ni ghali pia. Kwa mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, anayetumia uniti 30 au chini kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, hadi 100 bei ya kati, kuzidi hapo bei ya juu. Chumba kimoja chenye taa, televisheni na simu hukaa katika kundi la kwanza au la pili. Vyumba vinane kwenye mita moja huingia kundi la juu mara moja, na mita ndogo za ndani hazibadilishi hilo. Ombea kila chumba mita yake ya Kenya Power. Utahitaji cheti cha nyaya kutoka kwa fundi aliye na leseni. Ukikuta waya wa wizi kutoka nguzoni, uondolewe kabla hati haijasoma jina lako, maana ukikamatwa baadaye utakuwa wako.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba 8 yenye hati, inayoulizwa Sh2,800,000. Tarakimu ni za kufundishia hesabu. Bei za siku zitafute mtaani. Stempu asilimia 4 ni Sh112,000. Wakili, mpima na sachi weka Sh80,000. Tangi, mita, choo na paa weka Sh450,000. Jumla Sh3,442,000.

Kodi ni Sh3,500 kwa chumba, sawa na Sh28,000 kwa mwezi. Usizidishe kwa 12. Kati ya vyumba vitupu na madeni yasiyolipwa, zidisha kwa miezi 10 na nusu: Sh294,000. Kodi ya mapato ya nyumba, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama, ni Sh22,050. Hulipwa kila tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inawahusu wanaopata kati ya Sh288,000 na milioni 15 kwa mwaka, kwa hivyo nyumba ya vyumba sita, kama huna nyingine, inaweza kubaki nje ya kiwango hicho. Kunyonya choo Sh18,000, ukarabati mwezi mmoja wa kodi Sh28,000, usafi na taa za nje Sh12,000, ada za kaunti Sh10,000. Kinachobaki ni Sh203,950, chini kidogo ya asilimia 6. Hati fungani za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo bila mtu kukupigia simu usiku kuhusu choo.

Nyumba hiyohiyo kwa Sh1,900,000 inagharimu jumla Sh2,506,000, na faida inapanda kupita asilimia 8. Pesa hupatikana kwenye bei ya kununua. Sababu za kushusha unazo mkononi: mstari wa maji, mita moja, choo, na jina la mtaa ambalo muuzaji mwenyewe analijua.

Wapangaji na sheria

Kodi hufuata msimu wa kazi. Wapangaji wa Kisauni wanaofanya vibarua hotelini hubanwa kuanzia Aprili hadi Juni, hoteli zinapopunguza watu. Januari kuna karo. Wa Changamwe na Miritini wengi hulipwa kwa wiki. Kumruhusu mtu alipe nusu tarehe 5 na nusu tarehe 20, kwa namba ya till isiyopitia mfuko wa mtu, hukuletea zaidi kwa mwaka mzima kuliko vitisho. Weka akiba ya miezi miwili ya kodi kabla ya Aprili.

Chumba cha kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi kinalindwa na sheria ya kudhibiti kodi, na kupandisha kodi hapo kunapitia mahakama maalum ya kodi za nyumba. Duka la mbele lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa pia. Notisi ya kumwondoa mpangaji wake ni miezi miwili, kwa fomu yake, naye anaweza kuipinga. Kung'oa mlango, kufunga kufuli juu ya kufuli au kuezua mabati ni kosa. Anayeruhusiwa kukamata vitu kwa deni la kodi ni dalali wa mahakama mwenye leseni. Wapangaji uliowakuta, wape mikataba ya maandishi kwa kodi ileile kwa miezi sita ya kwanza. Ukiwafukuza kwa pamoja, nyumba tupu katika mtaa kama huu hung'olewa nyaya na masinki kwa wiki moja, na watu waliokuwa walinzi wako watakuwa wapinzani wako.

Ajiri mafundi wa mtaa huohuo, na msimamizi awe mkaazi wa humo, mtu mzima anayeheshimika, umpunguzie kodi. Usijenge ukuta mrefu wenye vigae vya chupa. Unatangaza kwamba ndani kuna mali na unawanyima majirani kuona mwizi. Taa mbili za jua, moja mlango wa mbele na moja uwani, zinasaidia zaidi.

Hati ikishasajiliwa, fanya sachi tena uone jina lako kwa macho yako. Kisha anza na taa, kufuli za vyoo na tangi, katika wiki ya kwanza. Umeme ufuate, halafu paa. Rangi iwe ya mwisho, baada ya masika moja kupita juu ya mabati mapya.